Feni isiyongoja kidole cha dereva

JUA la saa nane mchana mjini Garissa halimwonei mtu haya. Mbuzi hukimbilia vivuli vya magari yaliyoegeshwa, wauza maziwa hujisogeza ndani ya vibanda vyao, na fundi wa gereji hulifunika spana lake kwa tambara kabla ya kulishika. Mwezi wa Machi joto hufika digrii 36 au 37 za sentigredi, na zipo siku ambazo hupita hapo.

Hiyo ndiyo saa ambayo gari la kujiundia hutoa siri zake. Asubuhi liliwaka bila taabu na kupita barabara zote za mji likipigiwa makofi na watoto. Sasa limesimama nyuma ya lori la ng'ombe, injini inanguruma polepole, na mshale wa geji ya joto unapanda mlima peke yake.

Magari ya aina hii si machache katika Garissa, Wajir na Mandera. Mara nyingi ni Land Rover kuukuu ambayo bodi yake ya aluminiamu imekataa kuoza hata baada ya miaka arobaini, lakini injini yake ya petroli ilikufa zamani au ilikuwa inamnywesha mwenyewe umaskini. Mwenyewe humtafuta fundi, wakaenda kwenye skrepu au Kirinyaga Road jijini Nairobi, wakarudi na injini ya dizeli ya Toyota, Isuzu au Nissan. Rejeta hutoka gari la tatu na feni hutoka gari la nne. Chasi huungwa, mabano huchomelewa, na baada ya miezi kadhaa kitu kinachofanana na gari kinatoka gerejini kwa nguvu zake chenyewe.

Wazo la Mkenya kujiundia gari si geni hata kidogo. Mwaka wa 1986 aliyekuwa Rais, Daniel arap Moi, alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya, hata kama lingekuwa na sura mbaya na mwendo wa pole. Kufikia 1990 magari ya majaribio yaliyopewa jina la Nyayo Pioneer yalionyeshwa hadharani. Yalikuwa matano. Mradi huo haukufika mbali kwa sababu fedha za kuunda mengine hazikupatikana. Mafundi wa jua kali hawakungoja fedha hizo. Wao waliendelea kuunda moja moja, kwa mahitaji ya mteja aliyesimama mbele yao.

Ukiwasikiliza mafundi hao utagundua kwamba kupata injini hakuwasumbui, wala kuilaza kwenye chasi. Ugonjwa mkubwa wa magari haya katika nchi ya joto ni kuchemka. Na ukichunguza kwa nini yanachemka, aghalabu utakuta injini ni nzima na rejeta ni nzima. Kilichokosekana ni mpango wa namna feni itakavyojua wakati wa kuzunguka.

<b>Si jambo la mzaha</b>

Huenda msomaji wa Nyeri au Kericho akasema kuchemka kwa gari ni usumbufu tu: utasimama, utangoja, utaongeza maji, utaendelea. Kaskazini mashariki hesabu ni nyingine.

Kutoka Garissa hadi Wajir ni zaidi ya kilomita 300. Kutoka Dadaab hadi Garissa ni karibu kilomita 100. Katika masafa hayo kuna sehemu unazoweza kukaa saa nyingi bila kuliona gari jingine, na maji yaliyomo ndani ya gari ndiyo maji yote yaliyopo. Rejeta ikikauka, mwenye gari hulazimika kuchagua kati ya koo la injini na makoo ya watu. Mara nyingine abiria ni mama mjamzito aliyeshikwa na uchungu, anayekimbizwa hospitali ya rufaa ya Garissa kutoka kijiji kisicho na mkunga. Gari la kujiundia la jirani ndilo ambulensi yake.

Isitoshe, injini hizi za dizeli zina kinyongo. Hedi ya Toyota 2L, ambayo hupendwa sana kwa kupandikizwa, inajulikana kwa kupasuka inapopata joto la kupita kiasi. Ukiichemsha mara moja inaweza kukusamehe. Mara ya pili unanunua hedi, au unauza mbuzi ili uinunue.

<b>Kwa nini Garissa?</b>

Rejeta hufanya kazi kwa tofauti ya joto kati ya maji yaliyomo na hewa inayopita. Maji ya digrii 90 yakikutana na hewa ya asubuhi ya Limuru ya digrii 15, tofauti ni 75. Maji hayo hayo yakikutana na hewa ya Garissa ya digrii 38, tofauti ni 52. Rejeta ni ile ile na feni ni ile ile, lakini uwezo wake wa kutoa joto umepungua kwa karibu thuluthi moja. Ndiyo maana gari lililojaribiwa Nairobi na kusifiwa huweza kumwaibisha mwenyewe punde tu linapovuka daraja la Tana.

Jambo la pili ni mwendo. Kwenye lami kati ya Mwingi na Garissa, gari likiwa katika kilomita 80 kwa saa, upepo unaoingia kwa mbele unaitosha rejeta na feni inaweza kulala. Feni huhitajika pale upepo unapokosekana: katika mchanga mzito ambapo unasaga gia ya pili, kwenye kizuizi cha polisi, nyuma ya msafara wa ngamia, au sokoni siku ya mnada wa mifugo. Yaani feni ina kazi wakati ule ule dereva ana mambo mengine kumi ya kufikiria.

Gari la kiwandani lenye injini iliyolala kwa urefu huwa na feni inayozungushwa na injini yenyewe kwa mkanda. Nyingi zina kiungo chenye mafuta mazito ya silikoni ambacho hukaza feni hewa ya rejeta inapokuwa moto na kuilegeza inapopoa. Ni kifaa kizuri, na kama injini yako mpya inaingia nacho bila kugusa rejeta, kiache. Usitoe kinachofanya kazi kwa sababu tu jirani ameweka cha umeme.

Shida ni kwamba Land Rover haikutengenezewa injini ya Toyota. Mara nyingi pua ya injini hukaribia mno rejeta, au feni hukaa chini au kando ya katikati ya rejeta. Fundi huing'oa na kuweka feni ya umeme kutoka gari dogo. Hapo ndipo swali linapozaliwa: nani ataiwasha?

<b>Majibu matatu</b>

Jibu la kwanza, na ambalo ni la kawaida mno, ni swichi ya mkono kwenye dashibodi. Waya mbili, swichi ya taa, kazi imekwisha. Dereva akiona mshale unapanda anabonyeza.

Huo ni mtego. Dereva aliyekwama mchangani hatazami geji. Dereva wa usiku haioni, kwa kuwa taa ya geji katika magari haya huwa imekufa. Na gari la nyumbani halina dereva mmoja. Leo analiendesha baba, kesho shemeji ameliazima kwenda Bura, kesho kutwa kijana amelichukua kuwaleta wanafunzi. Yupi kati yao alielezwa juu ya swichi ile ndogo nyeusi iliyo chini ya usukani?

Jibu la pili huitwa na mafundi wetu "dairekti": feni huunganishwa na funguo, gari likiwaka nayo inawaka, hadi gari lizimwe. Mafundi waliosomea ufundi vyuoni hulidharau jibu hili. Mimi silidharau. Ni kweli kwamba brashi za mota ya feni huisha upesi, na altaneta hubeba mzigo wa bure usiku kucha njiani. Lakini kama huna njia nyingine, katika joto la Garissa dairekti ni afadhali mara mia kuliko swichi ya mkono, kwa sababu haimtegemei mtu kukumbuka.

Jibu la tatu ndilo sahihi: swichi inayohisi joto la maji yenyewe. Maji yakifika kiwango fulani feni inawaka, yakipoa inazima, dereva awe amelala au amekasirika. Magari madogo ya kiwandani yamefanya hivyo kwa miongo mingi, na swichi zake zimejaa katika skrepu.

<b>Namba iliyogongwa kwenye shaba</b>

Itazame swichi hiyo ya joto. Ni kipande cha shaba chenye ukubwa wa kidole gumba, chenye nati upande mmoja na ncha za waya upande wa pili. Pembeni pamegongwa namba, mathalani 92–87 au 95–90. Namba ya kwanza ni joto la kuwasha, ya pili ni la kuzima. Lazima pawe na nafasi kati yao, la sivyo feni ingekuwa inawaka na kuzima kama taa ya gari linaloonyesha kona.

Huwezi kuchagua namba hizo bila kuijua thamostati ya injini. Thamostati ni mlango unaoyazuia maji kwenda kwenye rejeta hadi injini ipate joto. Nyingi huanza kufunguka digrii 82 au 88, na namba hiyo pia imegongwa juu yake. Inayoanza 82 huwa imefunguka kabisa karibu na 95.

Kanuni ni kwamba feni izime juu ya joto ambalo thamostati hufungukia. Ukiweka swichi ya kuzima kwa digrii 78 kwenye maji yanayotoka injini yenye thamostati ya 82, feni haitazima kamwe, maana injini yenyewe hairuhusiwi kupoa hadi hapo. Utakuwa umerudi kwenye dairekti kwa gharama kubwa zaidi.

Mahali pa kuifunga swichi nako kuna maana yake. Ikikaa upande wa maji ya moto, karibu na hedi au kwenye mpira wa juu, inaona joto lote la injini, na kwa thamostati ya 82 swichi ya 95–90 inafaa. Ikikaa kwenye tangi la chini la rejeta, inayaona maji yaliyokwisha kupozwa. Pale chini maji yakiwa 95, juu injini inaungua. Kwa hivyo chini weka namba ndogo zaidi, kama 88–83 au 92–87. Wengi hukosea hapa: wanahamisha swichi kutoka chini kwenda juu, au juu kwenda chini, wakaacha namba ile ile.

Kuna pia vidhibiti vya kuzungusha kwa mkono, kama vile vya kampuni ya Kenlowe ya Uingereza, ambavyo kichwa chake hupenyezwa ndani ya mpira wa juu wa rejeta na joto la kuwasha huchaguliwa kwa kifundo. Ni vizuri kwa anayetaka kujaribu joto mbalimbali. Lakini kile kijibomba chake chembamba hupita chini ya mpira, na hapo maji hupenda kuvuja. Kwa safari ya Mandera nisingekichagua.

Usiiamini namba ya swichi ya skrepu kabla ya kuijaribu. Chukua sufuria kuukuu isiyopikiwa tena, maji, kipimajoto, balbu ndogo na betri. Ning'iniza swichi ncha yake ya shaba ikiwa majini, iunganishe na balbu, washa jiko, kisha angalia balbu inawaka kwa digrii ngapi. Garissa iko mita 150 hivi tu juu ya usawa wa bahari, kwa hivyo maji yake huchemka karibu na digrii 99 na nusu na swichi ya 95 utaiona ikifanya kazi. Nairobi maji huchemka kwa takribani digrii 94. Fundi wa huko anaweza kuitupa swichi nzima ya 95 akidhani imekufa!

<b>Umeme usipite njia nyembamba</b>

Feni ya gari dogo hula ampea 10 hadi 20 hivi inapozunguka, na zaidi inapoanza. Swichi ya joto nyingi hazikuumbwa kubeba mzigo huo kwa muda mrefu. Meno yake huungua, na mara nyingine hushikana. Ndiyo sababu huwekwa relei, kijisanduku cheusi ambacho umeme mdogo wa swichi huamrisha umeme mkubwa wa feni.

Chini ya relei mna namba. 30 ndiyo inayoingia umeme mkubwa kutoka betri, ukipitia fyuzi iliyowekwa karibu kabisa na betri. 87 ndiyo inayotoka kwenda kwenye feni. 86 hupata umeme wa funguo, na 85 huenda kwenye swichi ya joto na kumalizikia kwenye bodi. Waya wa feni usiwe ule mwembamba wa redio. Uwe wa milimita 4 za mraba, na waya wake wa kurudi ufungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi na vumbi. Feni zinazozunguka kichovu, tisa katika kumi, si mota mbovu bali ni waya wa kurudi uliofungwa juu ya kutu. Hesabu hiyo ya tisa katika kumi ni yangu, lakini waulize mafundi.

Rejeta za kisasa zina matangi ya plastiki, na nyingine hukaa juu ya mipira. Swichi yenye waya mmoja haitafanya kazi hapo kwa kuwa haina njia ya kurudishia umeme. Tafuta ya waya mbili.

Sasa lipo jambo ambalo kwa maoni yangu lingepaswa kufundishwa katika kila gereji kutoka Garissa hadi El Wak. Katika mpangilio nilioueleza, waya wa swichi ukikatika kwa mtikisiko wa barabara, feni haitawaka tena, na hakuna atakayejua hadi injini ichemke. Wahandisi wa Toyota walilitazama jambo hilo kinyume. Katika magari yao mengi ya zamani yenye feni ya umeme, swichi hufunga umeme wakati maji ni baridi na huuachia yakiwa moto, huku relei ikiizuia feni badala ya kuiwasha. Waya ukikatika au swichi ikifa, kizuizi huondoka na feni huzunguka mfululizo. Gari linaharibika kuelekea upande wa usalama.

Unaweza kufanya hivyo katika gari la kujiundia kwa swichi ya Toyota na relei ya pini tano, ukitumia pini 87a badala ya 87. Soma kwanza uwezo wa pini hiyo, maana mara nyingi ni mdogo kuliko wa 87. Tena umeme mkubwa lazima upitie relei ya pili inayoamrishwa na funguo, la sivyo ukizima gari feni itazunguka usiku kucha na asubuhi utaikuta betri imekufa.

Na ile swichi ya mkono? Haitupwi. Katika mpangilio wa kwanza iunganishe sambamba na swichi ya joto, na katika mpango wa Toyota iweke kwenye waya wa swichi hiyo ili iukate, ndipo dereva aweze kuiwasha feni mapema akiuona mchanga mbele. Ongeza taa ndogo kwenye dashibodi inayowaka feni inapopata umeme. Weka pia namna ya kuizima kabisa, kwa ajili ya maji. Wenyeji wa Garissa hawahitaji kukumbushwa mafuriko ya Novemba 2023 na yale ya Aprili na Mei 2024, barabara ya kuelekea Nairobi ilipofunikwa na maji upande wa Madogo na Mororo. Feni inayozunguka ikigonga maji, mapanga yake huvutwa mbele, yakajipinda na kuichana rejeta. Ukivuka laga, zima feni, vuka taratibu, kisha uiwashe.

<b>Mambo ya nje ya waya</b>

Kabla ya kuilaumu swichi, hakikisha feni inavuta upande unaofaa. Iliyo nyuma ya rejeta ivute hewa kutoka mbele kwenda kwenye injini. Mota ya feni ukiigeuza waya zake inazunguka kinyume, na watu wengi wameendesha majuma mazima feni ikipigana na upepo. Kipande cha gazeti kinatosha kujua: kiweke mbele ya rejeta, feni ikiwa inawaka kishikwe na kubaki pale. Kikipeperuka, geuza waya.

Kava inayoizunguka feni nayo si pambo. Bila kava, feni huvuta hewa kupitia kile kiduara kilicho mbele yake tu, na pembe zote za rejeta hukaa bure. Bati lililokunjwa vizuri linatosha.

Kuna desturi ya kuitoa thamostati ati kwa sababu huku ni joto. Katika injini nyingi za Toyota thamostati ina kisahani cha chini ambacho huziba njia ya mkato maji yakiwa moto. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto huzunguka ndani ya injini bila kupitia kwenye rejeta. Unadhani umeifungulia mlango injini, kumbe umeufungua mlango wa nyuma.

Maji ya visima, hasa yale ya chumvi ya Wajir, huacha magadi ndani ya vijibomba vya rejeta kama yanavyoacha ndani ya birika la chai. Maji matope ya Tana nayo huacha udongo. Tumia maji safi kabisa uliyo nayo pamoja na kulanti, ambayo huzuia kutu na kupandisha joto la kuchemka. Kifuniko cha rejeta kiwe kizima, kwani kifuniko chenye mgandamizo wa bar 0.9 huyafanya maji yasichemke hadi karibu digrii 118. Kilichochoka hukunyang'anya digrii hizo zote.

Hapa naomba kina mama wanisikilize. Kulanti ya kawaida ina glikoli, ambayo ni sumu na ina utamu. Mtoto huinywa bila kukunja uso, na mbuzi pia. Mtungi wa plastiki uliowahi kubeba kulanti usitumike tena kwa maji ya kunywa wala maziwa, hata ukioshwa kwa maji ya moto mara saba. Utoboe kabisa ili asiwepo atakayeuokota, maana katika nchi ambayo mtungi una thamani utaokotwa tu.

Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe gari likiwa moto. Maji yaliyobanwa kwa digrii 110 yakifunguliwa hugeuka mvuke papo hapo na kumrukia mfunguaji usoni na kifuani. Ngoja angalau nusu saa, hadi mpira wa juu ushikike kwa mkono na kuminyika. Aliyeungua apozwe kwa maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, kisha apelekwe hospitali. Asipakwe samli, dawa ya meno wala majivu.

Na feni ya umeme isiyopitia funguo inaweza kuamka yenyewe gari likiwa limezimwa, kwa kuwa joto la injini hupanda kidogo maji yanapoacha kuzunguka. Kwa betri nzima si hasara: feni ya ampea 15 ikizunguka dakika kumi hula saa-ampea mbili na nusu tu. Lakini watoto wapendao kuchungulia chini ya boneti hawalijui hilo. Kabla ya mtu yeyote kuingiza mkono, chomoa waya wa feni.

<b>Mtihani wa saa nane</b>

Gari likimalizika usilijaribu asubuhi. Ngoja saa nane mchana, boneti imefungwa, injini ikinguruma polepole, taa zimewashwa ili altaneta ibebe mzigo wake wote. Keti ndani na utazame geji na ile taa ndogo ya feni.

Mshale utapanda, utasimama, na taa itawaka. Baada ya dakika moja au mbili mshale utaanza kushuka na taa itazima. Kisha mzunguko huo urudie. Hesabu mizunguko mitano. Feni ikikawia sana kuwaka hadi mshale ukaribie nyekundu, namba ya swichi ni kubwa mno kwa mahali ilipofungwa. Ikiwaka na isizime tena, ama namba ni ndogo mno ama rejeta imeziba au haitoshi. Taa ikiwaka lakini mshale usishuke, shuka uisikilize feni: haizunguki, au inazunguka kinyume.

Chomoa pia waya wa swichi ya joto kwa makusudi uone gari litafanya nini. Kama umefuata mpango wa Toyota, feni itawaka mara moja. Kama hukuufuata, itabaki kimya, na sasa unajua kimya hicho kitakavyokuwa njiani.

Mwisho, chora ramani ya waya zako kwenye karatasi, namba za pini zote, namba ya swichi na ya thamostati, uifunike kwa nailoni na kuibandika upande wa ndani wa boneti. Funga relei moja ya akiba na fyuzi mbili pembeni yake. Gari likija kusimama Modogashe usiku, fundi utakayempata huko hajawahi kuliona, na gari jingine la namna yake halipo popote.